Uji wa Baba

Odeta, nimempiga kaka Machibya! Nimempiga na sufuria, kichwani. Nakuandikia sasa hivi, hata sijakaa chini.

Unajua baba na hii saratani ya koo analishwa kwa mpira wa puani. Daktari alituambia wote, kaka akiwepo: akizidi kukonda mionzi hataistahimili, atatufia. Ndiyo maana napika uji wa ulezi na dagaa, namwachia kaka amlishe nikienda gengeni Mkuyuni. Na baba anazidi kuisha tu.

Leo nimerudi mapema. Namkuta kaka mlangoni anaumwaga uji nje. Anaumwaga, Odeta!

Namuuliza unafanya nini, ananijibu bila hata aibu: "Kinachokula ni uvimbe, siyo baba. Nikiunyima utakufa njaa."

UTAKUFA NJAA! Baba amebaki mifupa, yeye anaua uvimbe kwa njaa!

Nikamnyang'anya sufuria nikampiga nayo, uji uliobaki ukatapakaa sakafuni. Damu ikamtoka juu ya jicho. Akanikaba, tukaanguka, kiti kikavunjika. Nimemng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na bado hasira haijaniisha. Majirani ndio wametuachanisha.

"Nilikuwa namponya!" anapiga kelele huku analia. Ubaya ni kwamba analia kweli.

Tulivyogeuka, baba ametoka kitandani, ametambaa mpaka kwenye ule uji. Kumeza hawezi, unajua. Alikuwa anaukomba kwa kidole, anaupaka kwenye ulimi.