Kiti Kisichokula

Shoga, nimejifungia chooni hapa maktaba.

Nilikuja kumsikiliza kaka akiwasomea watoto kitabu chake kipya cha vichekesho. Kina shangazi anayekipakulia kiti chakula, halafu anakigombeza mbona hakili.

Kiti, shoga. Kiti cha nyumbani kwangu.

Wiki ile mume wangu aliponiacha, nilipakua sahani mbili nikakigombeza kiti chake. Nilimwambia kaka peke yake, nikilia mpaka kamasi.

Watoto wamevunjika mbavu. Mmoja akamuuliza, "Haya unayatoa wapi?" Kaka akaninyooshea kidole: "Shangazi mwenyewe yule pale."

Yule pale. Na mimi nikapunga mkono, mjinga mimi.

Sasa anagonga mlango: "Dada, unalia?"

Simjibu. Nikimjibu tu, kapata kitabu kingine.