Ngoie Haiko mu Karatasi

Siku ya kwanza ya juma, 10/3

Misa ya asubuhi, kisha kufagia sakristia. Padiri amenipa tena kazi ya kukusanya makaratasi ya batoto ba ubatizo wa Pasaka. Kila mutoto na acte de naissance yake, karatasi ya kuzaliwa. Kumi na bane bamekwisha kuleta. Anabakia mumoja, na ule mumoja njo wa kwangu. Baba yake Pascal, mudogo yangu, anachelewesha tangu Noeli. Anasema muke wake Solange hajui aliweka karatasi wapi. Bantu bazima, kabati moja.

Siku ya ine, 13/3

Majina, ule mutoto ya Pascal, alikuja kisha masomo. Iko na miaka kumi sasa. Bantu ba jina moja habaitanaki jina: miye namwita Majina, naye ananiita Majina. Ku kwabo banamwita Divine. Lakini jina ya kizazi ni yangu, Ngoie, ile nilipata ku nkambo, mama ya baba.

Miye sikuzaa. Mungu hakupenda, sikugombana naye. Siku Pascal alitoka ku maternité, kule Solange alizalia, na kuniambia miye dada yake mukubwa, "Yaya, tumemupa majina yako," nililia mu barabara, bantu banaangalia. Nikasema: nikikufa, Ngoie atabakia.

Leo alinicheka: "Majina, unakunywa chai pole-pole kama mubibi."

"Basi na weye uko mubibi. Si weye njo miye?"

Siku ya posho, 22/3

Karatasi imefika. Mutoto aliileta mu bahasha ya kubandikwa na gundi. Niliifungua ku meza ya parokia.

Mwape Divine.

Nilisoma mara tatu. Tarehe ni yake. Baba, Pascal. Mama, Solange. Mwape ni mama ya Solange, ule wa Kasenga. Nilizani ba commune, benye kuandika bazaliwa, balikosea, banakosaka. Kisha niliona signature ya Pascal chini ya jina ile. Mukono ile, miye njo niliifundisha kuandika.

Siku ya Mungu, 23/3

Kisha misa nilienda kwabo, kule karibu na Luano. Pascal alitazama viatu vyake.

"Yaya, usikasirike. Ilikuwa ya kulinda mutoto."

"Kumulinda na nani?"

Solange njo alijibu, toka mulango wa kikoni, na sauti ya pole: "Jina inafwataka muntu, Yaya. Mama alisema, ukipatia mutoto mwanamuke jina ya mwenye hakuzaa, tumbo yake itafunga."

"Na juu ya nini mulinidanganya?"

Pascal akasema, "Ulikuwa unalia sana miaka ile. Tukaona, mutaitana Majina tu. Haitaharibu kitu."

Nilitoka. Sikukunywa hata maji.

Siku ya tatu, 26/3

Nina hasira. Naiandika wazi, Mungu anaijua.

Miaka kumi baliniogopa kama ugonjwa. Na kila congé ya masomo balinileteya mutoto, nimwoshe, nimulishe, nimufundishe sala. Mikono yangu ilikuwa safi. Jina tu njo ilikuwa chafu.

Nkambo Ngoie alizaa tisa. Jina ile ile. Pascal mwenyewe, baba yake alitoka mu tumbo ile. Hakuna mwenye alikumbuka.

Na mutoto? Nilimuuliza pole-pole. Ku shule banamwita Mwape, anajua. Alizani Ngoie ni jina ya sisi babili tu. Hakuna mwenye alimweleza. Hana kosa.

Rozari nimeianza, sikuimaliza.

Siku ya tano, 11/4

Leo niliandika majina mu kitabu ya ubatizo. Ni kazi yangu kila mwaka, juu ya mwandiko muzuri. Nilifika ku yake. Padiri alikuwa inje. Ningeandika Ngoie, nani angeona? Kalamu ilisimama, wino ikaacha doa.

Niliandika Mwape. Bale balinidanganya ku meza yangu. Miye sitadanganya mu kitabu ya Mungu.

Padiri alirudi, akauliza kama nitabakia marraine yake, mama ya ubatizo. Nikasema sijui.

Siku ya posho, 12/4

Nimepiga pasi kanzu yangu nyeupe ya Pasaka. Basi nitaenda, nitamusimamia.

Siku ya Mungu, 20/4. Pasaka.

Padiri aliita, "Mwape Divine." Akaenda mbele. Niliweka mukono wa kuume ku bega yake, kama marraine anavyofanya. Maji ilimwangukia mara tatu, ikamwangika mpaka mu mukono wangu.

Kisha misa Solange aliomba tusimame picha. Nilisimama. Pascal alisema, "Aksanti, Yaya." Sijasamehe, nimeomba tu nifike kule siku moja.

Mutoto alikuja na nywele zinadondosha maji bado. Akanikamata mukono.

"Majina, maji ilikuwa baridi sana. Na weye ulisikia?"

Nikamupanguza shingo na kitambaa.

"Nilisikia, Majina."