Nimeifungia Mashine ya Nazi Ofisini, na Wageni Wanakuja Alhamisi

Shikamoo Mama Eufrazia. Nakuandikia nikiwa nimekwama, naomba unisaidie haraka, maana wageni wa halmashauri wanakuja Alhamisi.

Mimi ni mwalimu katika chuo kimoja cha ufundi cha jamii hapa Kiwalani, na mwaka jana mkuu wa chuo aliniteua kuwa Mratibu wa Ubunifu, nikapewa chumba, muhuri na kamati ya watu saba, na kusema kweli Mama tulijituma, tumekaa vikao kumi na vinne, tumeandika katiba, tumeshona sare ya kitenge, tumetengeneza na fomu ya kuomba ruhusa ya kubuni yenye kurasa sita, ila ubunifu wenyewe ndio ulikuwa haujatokea.

Ukatokea jikoni. Mpishi wetu Bi Tabu, mama wa makamo, mwenyeji wa hapahapa Dar, alichukua cherehani mbovu ya kukanyaga iliyotupwa nyuma ya darasa la ushonaji, akafunga meno ya mbuzi ya kukunia nazi kwenye gurudumu lake, basi miguu inakanyaga, meno yanazunguka, yeye anashika kifuu tu, na nazi ishirini zilizokuwa zinamlia asubuhi nzima zikawa zinaisha kabla chai haijachemka, wanafunzi wanajazana dirishani kumshangilia, na mimi badala ya kufurahi nikaona wivu, nakiri, nikamuuliza fomu yake iko wapi.

Akaniambia, "Fomu ya nini tena, mwalimu? Mie nakuna nazi." Nikamwambia bila fomu huo si ubunifu, ni uharibifu wa mali ya chuo, nikaibeba mashine mpaka Kituo cha Ubunifu, yaani ofisini kwangu, nikaiandika namba kwa rangi nyeupe, nikafunga kufuli. Bi Tabu hakugomba. Aliacha tu kupika kwa nazi, na sasa ni wiki ya tatu tunakula wali mkavu na maharage ya chumvi, na jana mwanafunzi mmoja, Talha, aliniletea sahani yake mpaka mezani akaniuliza, "Ticha, huu ni wali au mchele uliopata joto?"

Kibaya zaidi, kwenye ripoti ya halmashauri nilijaza jina langu kama mbunifu, wamefurahi, wanataka kuiona mashine ikifanya kazi, na nilipojifungia kuijaribu ilikuna tai yangu na ncha ya kidole. Nimemfuata Bi Tabu anifundishe, akasema, "Kamati si ipo? Ikune." Na nasikia kuna kantini moja ya Kurasini inamtaka. Mama, nisemeje, labda mashine iko kwenye matengenezo, ili ziara iahirishwe?

Elinaza, Kiwalani

*

Marahaba, Elinaza. Pole na kidole. Tai sina pole nayo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia huyo mama asante, sijapaona. Watu wazima saba mnakaa vikao kumi na vinne mnakunywa chai, na chai yenyewe naamini alipika yeye, halafu siku kitu cha maana kinatokea chuoni kwenu unakikamata kama mwizi wa kuku! Hukupewa muhuri uwazuie watu kufikiri, baba. Ulipewa uwatafutie vyuma, misumari na nafasi. Siku ile kazi yako ilikuwa kusimama dirishani na wanafunzi, ushangilie, kisha umuulize, "Bi Tabu, unahitaji nini?"

Wivu wako nauelewa. Kuhangaika mwaka mzima halafu mwenzako akafanya kwa asubuhi moja, inauma, hata mimi ingeniuma. Lakini kuandika jina lako juu ya jasho la mtu ni wizi, na sitautafutia jina laini. Na ziara ukiiahirisha itakusaidia nini? Wakija mwezi ujao bado utakuwa hujui kukuna nazi.

Leo hii, kabla ya kengele ya chakula, ibebe mashine mwenyewe, usimtume mtu, uirudishe jikoni. Mwamkie Bi Tabu shikamoo, hata kama mmepishana miaka michache, umwombe radhi kwa sauti wanayoisikia walio mwisho wa foleni. Waandikie halmashauri kwamba mbunifu ni yeye na wewe ulijaza uongo. Mkuu wa chuo atafoka, mwache afoke, utapona. Ile fomu ya kurasa sita ipeleke jikoni pia, itawashia moto. Alhamisi wageni waende jikoni, wale wali wa nazi, na Bi Tabu awaeleze mwenyewe akipenda. Wewe shika bakuli.

Wala usidhani una muda. Jumatatu nilipata barua nyingine kutoka Kiwalani, mistari mitatu tu, ya mama mpishi anayeuliza aende kantini ya Kurasini au abaki na wanafunzi aliowazoea. Hakukutaja kwa ubaya hata kidogo, na hilo likuume kuliko kidole. Nimemjibu asubiri mpaka Alhamisi mchana. Usinitie aibu.