Kichujio cha laini na posa ya binti Barasa

Ijumaa, getini Lusail

Mafundi wa Doha nzima waje kwangu wafundishwe kazi.

Mtandao wetu unapita kwenye laini ya simu ya mezani, na kila mara mudiri, bosi wetu, akipiga kutafuta mlinzi wa zamu, picha inaganda. Na leo ndiyo Barasa, mlinzi mwenzangu wa chumba kimoja, alitarajia kumwona bintiye akiposwa huko Bungoma kwa video. Nikanunua kichujio, kile kidude cha kutenganisha sauti ya simu na mtandao.

"Tulia, mzee. Mimi nimefunga waya hoteli nzima." (Nilishika ngazi tu.)

Nikakichomeka kwenye modemu. Mtandao ukafa kabisa.

"Fundi, umeniulia posa ya mtoto!"

Nikafungua karatasi ya maelekezo. Kumbe kinakaa kwenye simu, si kwenye modemu! Nikakihamisha, nikatupa na ule waya mrefu uliojiviringisha nyuma ya friji, nikaweka mfupi. Taa ikatulia kijani.

Kule nyumbani wazee wakamuuliza binti kama wageni wapokelewe. Akageukia kamera: "Baba, unasemaje?"

Hapo hapo simu ya mezani ikalia. Picha haikutikisika hata kidogo. Barasa midomo inacheza, machozi yanamtoka. Nikainua simu; anatakiwa Barasa getini. Nikanong'ona, "Mudiri, Barasa ana shughuli. Nakuja mimi."

Nikifunga mlango nikamsikia: "Wapokelewe, mama. Wapokelewe."

Mapumziko yangu yameenda hivyo. Magari yanapita hapa nayapigia saluti yote, hata la takataka.