Kwa Sabina, Aliyepanua Kofia ya Maige

Mwaka umetimia, Mama, tangu presha ikuangushe mbele ya cherehani yako pale Mabatini. Kitambaa cha mwisho bado kiko chini ya sindano. Hakuna aliyethubutu kukitoa.

Ulikuwa mkali kwa wateja na mpole kwa watoto wao. Mtu akikuamkia, "Shikamoo, Mama Pius," unaitikia marahaba huku macho yameshampima mabega.

Mjukuu wako Maige, mtoto wa binti yako Dorcas, ulimshonea kofia kabla hajazaliwa. Wiki ya tatu baada ya kuzaliwa akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akatibiwa, akapona, tukashukuru. Kofia ikaanza kumbana, ukaipanua. Ikambana tena, ukaipanua tena. Majirani wakasema mtoto ana kichwa cha akili, nawe ukacheka, "Cha babu yake hicho." Mara ya tatu ulisita, mkasi mkononi.

"Dorcas, mbona shati la tangu ana miezi miwili bado linamtosha, kofia tu ndiyo inambana?"

Ulimbeba hadi hospitali ukamwambia daktari kosa ni lako, ulipanua kofia badala ya kuuliza. Akakueleza taratibu kwamba ubongo wa kila mtu hutengeneza maji kila siku, yanapita kwenye njia zake nyembamba, kisha damu inayanyonya. Wapo wanaozaliwa njia hizo zimeziba, na wapo ambao damu huvujia ndani ya kichwa. Kwa Maige, homa ile iliacha makovu, maji yakakosa pa kutokea. Dorcas hakukosea, wala hakuna aliyemroga mtoto. Ulimfanya daktari arudie hilo mbele ya mashangazi wote.

Akawekewa mrija wa kushusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Uliposikia kwamba mrija unaweza kuziba siku yoyote, ukaanza kumpima kichwa kila Jumapili baada ya kanisa, kwa futi yako ya kushonea, na kuandika ukutani kwa chaki. Ulipoondoka, tukaendelea.

Mama, tunaogopa. Miezi mitatu mfululizo tumeandika sentimita arobaini na saba. Jana imefika arobaini na nane na nusu. Dorcas alipima, Pius akapima, Baba akavaa miwani akapima. Leo asubuhi Maige ametapika mara mbili, na macho yake yanaelemea chini.

Mmoja wetu amesema labda futi imelegea, tungoje misa yako ya mwaka ipite. Hapo tungekuwa tunapanua kofia tena. Dorcas ameshamfunga mgongoni.

Kwa hiyo watakaokuja jioni nyumbani kukuombea, wasipomkuta Dorcas na mtoto, wajue wako hospitali, na futi yako wamekwenda nayo.

Unakumbukwa na mumeo Shigela, wanao Pius na Dorcas, mkweo Teodora, na mjukuu wako Maige.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Tulipanga leo tukuombee. Tuombee wewe.