Tela Lililotusukuma Usagara

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, na unisamehe kwa kukaa kimya.

Breki za tela letu la kulalia nilizirekebisha mwenyewe, nazo zilishika vizuri hadi tulipowaaga wakwe zangu Misungwi. Walileta michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na mchele, gunia baada ya gunia, nami kwa adabu ya mkwe nikasema, “Asanteni, pakieni.” Katika mteremko wa Usagara nilikanyaga breki, lakini tela likatusukuma hadi mbele ya meza ya mama muuza samaki wa sato. Akainama dirishani mwa gari letu.

“Shikamoo, baba. Ungeagiza tu, ningekuletea.”

Nililaumu breki. Wifi yako akanijibu, “Breki ni nzima, mzee. Wewe ndiye usiyejua kukataa.”

Sasa tumeegesha kando ya ziwa, jua ni kali, na tunakula sato wa yule mama. Kuendelea na safari yetu ya Bukoba na mzigo huu ni hatari. Kuwarudishia wakwe zawadi zao ni kuwatukana. Wifi yako anashauri tuanze kwa kunishusha mimi.

Mungu awalinde wewe na watoto. Nitakuandikia tutakapokuwa tumeamua nini kishuke.

Kaka yako