Wafanyakazi wa Mama ni Wangapi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa pili

Nimetoka shuleni, nimevua sare, nimekata sabuni. Vidole vinateleza kwenye kalamu. Sabuni ya leo ni laini mno. Mama aliipika mbiombio asubuhi halafu akakimbilia biro ya serikali. Yeye peke yake ndiye anayejua kipimo cha soda kali, kwa hiyo akishaondoka hakuna pipa la pili. Vijana wamecheza karata juu ya ndoo mchana mzima.

Amerudi na bahasha. Sheria ya usalama kazini imebadilika. Karatasi za mwaka jana hazifai tena, zile zilizomtembeza mpaka kandambili zikakatika. Hata ule mstari mwekundu tuliopaka chini kuzunguka pipa, sasa unatakiwa uwe wa njano.

Kila kitu kimeandikwa kwa Kifaransa, na Mama hasomi Kifaransa. Mimi nasoma, masista wametufundisha. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Nina lugha mbili na zote nazinyamazia.

Jumatano, tarehe 4

Nimejaza fomu. Mama alikuwa anapanga kalibu za sabuni, mimi namuuliza, yeye anajibu bila kugeuka. Mahali panaposema idadi ya wafanyakazi, akageuka.

"Andika wote."

"Wote nani, Mama?"

"Wote wanaokula hapa. Kwani kuko wengine?"

Kwetu ni hivyo. Tangu Nkambo, mama yake Mama, alipoanza kupika sabuni ya mawese hapa karibu na mto Lukuga, watu wa kazi ni watu wa sufuria. Anayekula bugali ya saa sita ni mtu wa hapa. Nikaandika. Djuma na wenzake wa pipa. Wamama wa kufunga sabuni. Nkambo mwenyewe, ambaye kazi yake siku hizi ni kusinzia. Kijana wa baiskeli anayeleta mawese. Watoto wa jirani. Papa Mulongo, ambaye alikoroga pipa miaka na miaka mpaka soda ikamrukia jichoni. Haoni vizuri tena, hakorogi tena, lakini kila asubuhi anakuja, anakaa karibu na pipa, anasema "polepole, polepole" kwa muntu yeyote anayeshika mti wa kukorogea.

Tukapita ishirini. Mama akafurahi. Alisema ni idadi ya heshima. Mimi nilihisi kitu hakikai sawa lakini sikujua ni nini. Sikusema. Nimezoea kutosema.

Ijumaa, tarehe 6

Sielewi kitu.

Biro wamejibu. Kwa sababu tumepita ishirini, sisi sasa ni kampuni ya daraja la juu. Tunatakiwa kuwa na kamati ya usalama, mtu aliyesomea huduma ya kwanza, cheti cha daktari kwa kila mfanyakazi, kikao kila mwezi na ripoti yake. Ripoti kwa Kifaransa. Yaani mimi.

Karatasi moja inasema soda iwekwe ndani ya chumba kilichofungwa. Nyingine inasema iwekwe mahali penye hewa wazi. Nimezisoma mara nyingi nikidhani Kifaransa changu ndicho kibovu. Zote mbili zina muhuri.

Wiki hii moto wa pipa umewaka mara moja tu. Mama yuko kwenye foleni. Wateja wa Moba wameondoka na mashua bila sabuni. Mama amesema hajawahi kuona kazi ya kuhusu kazi ikawa kubwa kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi, tarehe 7

Leo tumechagua kamati. Nilitakiwa kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Niliongea nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Djuma akapiga kelele, "Sauti, Madame Ministre!" Nilitamani ardhi inimeze.

Wamemchagua Papa Mulongo kuwa delege, mwakilishi wa usalama. Wote wameinua mikono.

"Papa, hilo jicho njo diploma yako," Djuma akamwambia.

"Na wewe yako iko wapi?" Papa Mulongo akamjibu. "Kwenye tumbo?"

Watu walicheka sana. Mama akampa miwani ya kujikinga, ile mipya iliyoagizwa na sheria. Aliivaa mpaka alipoenda nyumbani. Nilimwona barabarani anatembea nayo, kifua mbele. Sijamwona hivyo tangu nikiwa mdogo.

Jumanne, tarehe 10

Inspekta amekuja. Ni mama mmoja mpole, ametoka Kinshasa, anaongea Kifaransa na Lingala tu. Nilitarajia mtu wa kupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

Alimwuliza kila mtu anafanya kazi gani. Mimi natafsiri. Alipofika kwa Nkambo, Nkambo akasema, "Mi? Nakula." Inspekta akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaangalia fomu, akaangalia watu, akaelewa.

Akanieleza taratibu. Tukihesabu wanaolipwa mshahara tu, sisi ni kampuni ndogo. Hakuna kamati, hakuna ripoti. Karatasi moja nyepesi na basi. Lakini lazima turekebishe kufikia Ijumaa: majina ya wafanyakazi wa kweli yasomwe mbele ya wote na kubandikwa mlangoni. Asiye kwenye orodha haruhusiwi kuingia sehemu ya soda. Tusipofanya hivyo, anafunga mlango mpaka kamati isomeshwe. Na masomo hayo hajui yataanza lini. Hakuna anayejua.

Mama akaniambia, "Mwulize kuhusu Papa Mulongo."

Nikauliza. Akajibu kwamba kama ni mfanyakazi, daktari lazima ampime, na kwa jicho lile hatapita. Kama si mfanyakazi, abaki nje.

Nikatafsiri. Papa Mulongo alikuwa amekaa pale pale, na miwani usoni. Sijui alisikia kiasi gani.

Alhamisi, tarehe 12

Mama hali chakula. Amezunguka uwanjani jioni nzima akihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa. Akifungiwa mlango, tunakula nini? Wale wote wanakula nini? Ameamua. Orodha ya wanaolipwa tu.

"Wewe njo utasoma majina," amesema.

Nimemkasirikia. Kwa nini mimi? Kwa sababu ni karatasi yenye Kifaransa juu? Majina ni majina tu. Anaogopa. Sikujua kwamba Mama anaogopa kitu.

Nawaza hivi na kichwa kinauma. Miwani ile ingekuwepo zamani, Papa Mulongo angekuwa na macho yake. Kwa hiyo sheria ni nzuri. Sheria ile ile ndiyo inayomtoa. Kwa hiyo ni mbaya. Halafu narudi mwanzo. Ninamtafuta mtu wa kumchukia na simpati. Inspekta si mbaya. Mama si mbaya. Mimi ndiye niliyeandika majina yote mara ya kwanza, na mimi ndiye nitakayeyafuta.

Ijumaa, tarehe 13

Nimesoma.

Sauti ilitoka. Ndogo, lakini ilitoka. Nilifika jina la mwisho. Papa Mulongo alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wangu.

"Endelea," akasema.

"Imeisha, Papa."

"Haya."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akampa Djuma. Djuma hakufanya mzaha wowote. Papa akatoka. Mama alikuwa nyuma ya pipa, amenipa mgongo.

Nimebandika karatasi mlangoni. Inspekta amepita, amegonga muhuri, ametupongeza.

Jumamosi, tarehe 14

Pipa limewaka tangu asubuhi. Sabuni imeshikana vizuri. Papa Mulongo hakuja.

Saa sita Mama akanipa bugali na samaki wa mikebuka, akafunika kwa kitambaa, akasema nipeleke. Hakusema kwa nani.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, hafanyi kitu. Niliweka chakula chini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kuomba msamaha. Akanitangulia.

"Ile orodha yako," akasema. "Wewe mwenyewe jina lako limo?"

Nikafikiri. Nakata sabuni kila siku baada ya shule.

"Hapana, Papa."

"Ah. Basi tuko wawili."

Sikujua kama nicheke. Akasogea kidogo kwenye benchi. Nikakaa.